Baba na Koili ya Jiko

Mama yetu alifariki miezi miwili iliyopita. Baba alibaki peke yake nyumbani, na maishani mwake hakuwahi kupika hata chai. Sisemi uongo. Hata maji ya kuoga alichemshiwa.

Kaka yangu mkubwa akamwambia, "Baba, njoo ukae kwangu."

"Siondoki," Baba alijibu. "Mama yenu ametokea humu kwenda kuzikwa. Na mimi nitatokea humu humu."

"Utakula nini?"

"Nitapika."

Kaka alicheka. Akampa mpaka Jumapili. Akija, akute chakula alichopika Baba mwenyewe. Asipokikuta, Baba afunge mizigo.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta jikoni, ameinamia jiko la umeme. Alikuwa anachokoa koili kwa kisu. Koili ni ule waya mnene uliojiviringisha, unaowekewa sufuria juu yake. Na taa nyekundu ya jiko ilikuwa inawaka!

"Baba! Unataka tukuzike na wewe?" Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio.

Jirani huyo ni mama fundi umeme. Mtaani tunamwita Mama Tochi, maana tochi haimtoki mfukoni. Alikuwa shoga mkubwa wa Mama. Siku hiyo hakusalimia mtu. Alizima kwanza swichi kuu ya jiko, ile ya ukutani.

"Shemeji," alisema, "umeme haujui mzee wala mtoto. Kuna nini?"

Baba alitazama sakafu. "Nimeliua jiko lake. Jana uji ulifurika ukamwagikia koili hii. Leo haipati moto. Kila kitu mikononi mwangu kinakufa. Hata yeye nilichelewa kumpeleka hospitali."

Kumbe alikuwa na hilo moyoni siku zote!

"Tulipime jiko kwanza," alisema Mama Tochi. "Kujihukumu baadaye."

Alihakikisha kwa kipimo chake kwamba umeme umekatika. Akagusa koili, ilikuwa baridi. Kisha akampa Baba kazi. "Inua ukingo wake kidogo. Sasa ivute. Polepole, shemeji, hung'oi muhogo."

Koili ikachomoka na miguu yake miwili ya chuma.

"Tutajuaje kama mbovu ni koili au ni tundu lake?" Baba aliuliza.

"Chomoa ile nzima, ya ukubwa huu huu. Hii uichomeke pale. Ikipata moto pale, ubovu uko kwenye tundu la kwanza au swichi yake. Hiyo ni kazi ya fundi. Isipopata, basi koili yenyewe imekufa."

Baba alifanya hivyo. Mama Tochi akawasha swichi kuu, kisha swichi ya koili. Tulingoja dakika mbili. Baridi vile vile.

Akazima tena zote. Akaimulika koili. "Ona hapa, imevimba. Na hapa ina ufa mweusi. Huu si ufa wa jana. Shoga yangu aliniambia zamani kwamba inasuasua. Si uji, wala si wewe."

"Na yeye?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Tochi alizima tochi yake. "Ya hospitali siyajui, shemeji. Sitakudanganya."

Tulikwenda dukani na koili mbovu mkononi. Muuzaji alilinganisha ukubwa, wati na miguu yake. Nyumbani, swichi kuu ikiwa imezimwa, Baba aliichomeka mpya mwenyewe. Aliisukuma mpaka ikakaa imara, haichezi. Akawasha. Taratibu ikawa nyekundu.

Jumapili Kaka alikuja. Wali ulikuwa na ukoko mnene na maharage yalizidi chumvi. Kaka alikula, akaomba tena. Halafu akasema, "Haya, Baba. Nimeshindwa. Kaa kwako."

Nilidhani Baba atafurahi. Aliweka kijiko chini, akafunika uso, akalia mbele yetu.

"Kumbe ni kazi ninayoiweza," alisema. "Miaka thelathini na mbili, sikumpikia hata siku moja. Hata alipougua aliamka kunipikia, nami nimekaa hapa mezani, nangoja."