Evelina Achagua Cheti cha Mafao

Kila asubuhi Herman huondoka nyumbani Kagongwa na bambo lake mfukoni. Bambo ni chuma kifupi chenye ncha na mfereji katikati. Ukilichoma kwenye gunia, linatoka na punje chache, nawe unaona kilichomo ndani. Herman ananunua mchele kwenye mashine za kukoboa mpunga za hapohapo. Hanunui gunia kabla ya kulichoma. Hata gunia la shemeji yake analichoma. Shemeji hununa siku mbili, kisha husahau.

Mkewe, Evelina, anafanya kazi Kahama. Ni karani katika kampuni ya kuchoronga miamba migodini. Yeye ndiye anayeshughulikia mafao ya wafanyakazi. Mafao ni haki zinazoambatana na ajira, kama bima ya afya, michango ya pensheni, likizo ya uzazi na fidia ya mtu akiumia kazini. Alipewa kazi hiyo miaka minne iliyopita kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Hakuna aliyemfundisha.

Jumatatu moja mwanamke aliingia ofisini, mtoto mgongoni. Alikuwa Scolastika, kutoka Ushirombo. Mumewe, Leodgar, alikuwa dereva wa kampuni. Alifariki kwa ugonjwa mwaka uliopita.

"Habari za Ushirombo, mama?" Evelina alimsalimu.

"Nzuri, dada. Nimekuja tena kuulizia mafao ya marehemu. Hii ni mara ya saba."

Evelina alifungua faili, ingawa alijua kilichomo. Kwenye mkataba wa kazi, marehemu aliitwa Leodgar Masanja, kwa jina la ubatizo. Kwenye mfuko wa pensheni aliandikwa Bujiku Masanja, jina alilopewa nyumbani. Mfuko ulikuwa unauliza kama huyu ni mtu mmoja au ni watu wawili. Evelina hakujua aanzie wapi.

"Bado, mama. Rudi mwezi ujao."

Scolastika alikaza kanga ya mtoto, akaaga. Hakulalamika. Evelina aliona aibu sana. Heri angefokewa.

Mchana huohuo mkuu wa ofisi, Bwana Eustace, alimwita.

"Evelina, kampuni inataka afisa mafao mwenye cheti cha fani hiyo. Ningependa nafasi uipate wewe. Tutakulipia kozi moja. Ukichagua vibaya, hatutalipa nyingine. Nitaajiri mtu wa nje. Ijumaa niletee jina la kozi."

Jioni Evelina na Herman walikaa uani na simu. Walikuwa wamepata kozi tatu. Ya kwanza ilisema: "Kuwa Bingwa wa Mafao kwa Siku Mbili!" Ilikuwa na picha ya cheti chenye utepe mwekundu na mhuri wa rangi ya dhahabu. Ya pili ilikuwa ya chuo cha ng'ambo, ya kusoma kwa mtandao. Ya tatu ilikuwa ya chuo kimoja cha Shinyanga mjini. Hiyo ilikuwa ya miezi sita, kila Jumamosi, na mtihani mwishoni. Picha yao ilionyesha ubao na viti vya plastiki.

"Chukua hii ya siku mbili," Herman alisema. "Tazama mhuri unavyong'aa! Cheti ni cheti, Mama Asteria."

Wakati huo jirani yao, Mama Zuhra, aliingia kurudisha ungo. Jina lake ni Mwahija. Alikuwa afisa utumishi wa hospitali kwa miaka ishirini kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, Mama Zuhra," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mbona mmeinamia simu hivyo?"

Walimweleza. Aliitazama picha ya mhuri, akacheka.

"Baba Asteria, bambo lako liko wapi?"

"Hili hapa, mfukoni."

"Ukiletewa gunia lenye picha nzuri ya mpunga, unalinunua?"

"Kwa picha? Thubutu! Nitakuta chenga tupu."

"Sasa mbona unataka mkeo achukue cheti kwa picha?"

Herman alikuna kichwa. Evelina alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akauliza kwa makini, "Lakini mama, cheti nakichomaje bambo?"

"Kwa kuuliza, mwanangu. Omba orodha ya masomo. Uone kama wanafundisha sheria za kazi za Tanzania, hifadhi ya jamii, bima na fidia. Uliza nani anafundisha, na kama kuna mtihani. Cheti kisicho na mtihani ni pambo la ukutani."

"Na kama chuo chenyewe ni cha uongo?"

"Uliza kimesajiliwa wapi, halafu usiishie kwao. Vyuo vya hapa vya ngazi ya cheti na diploma, waulize NACTVET, baraza la serikali linalovisimamia. Tena muulize na bosi wako kama cheti hicho anakitambua. Yeye ndiye atakayekipokea."

Mama Zuhra alisimama kuondoka, akageuka mlangoni.

"Halafu wape swali moja la kazini kwako. Lile linalokusumbua kuliko yote. Mwenye mchele mzuri haogopi bambo."

Evelina hakuhitaji kulitafuta swali hilo.

Kesho yake alipiga simu kwa wale wa siku mbili. Alieleza habari ya marehemu mwenye majina mawili.

"Dada, maswali ni baada ya malipo," alijibiwa. "Wewe lipia leo, cheti utakipata Jumapili kwa WhatsApp."

"Mtihani upo?"

"Hatupendi kuwasumbua wateja."

Evelina alikata simu.

Chuo cha ng'ambo aliwaandikia barua pepe. Jibu lilikuja Jumatano, la heshima na la kweli. Walisema kozi yao ni nzuri na mitihani yake ni migumu, lakini inafuata sheria za pensheni na bima za nchi yao. Walimshauri ajifunze kwanza za Tanzania. Evelina alilihifadhi jibu lile.

Shinyanga mjini simu ilipokelewa na mwalimu aitwaye Akida. Alisikiliza hadi mwisho.

"Jina la ubatizo na jina la nyumbani," alisema. "Huku kwetu kesi hiyo ipo kila ofisi. Dawa yake ni mapema, dada. Siku mtu anaajiriwa, linganisha kitambulisho chake, mkataba na kadi ya mfuko. Majina yakitofautiana, arekebishe mwenyewe akiwa hai."

"Na kama ameshafariki?"

"Kuna njia. Ndugu wanaomjua huapa kwa wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Mnaambatanisha cheti cha ubatizo na barua ya serikali ya kijiji. Halafu mnauliza mfuko kama unahitaji kingine. Darasani tunaandaa karatasi hizo pamoja."

Evelina alihakikisha usajili wa chuo. Akasoma orodha ya masomo. Ijumaa alimpelekea Bwana Eustace.

"Miezi sita?" bosi alishangaa. "Hukupata fupi?"

"Fupi ipo, bosi. Nimeichoma bambo, nikakuta chenga."

Bwana Eustace ni mtu wa Geita, lakini mchele anaujua. Alisoma orodha yote, akasema cheti hicho anakitambua. Alisaini.

Miezi ile haikuwa rahisi. Kila Jumamosi Evelina alitoka Kagongwa alfajiri na mapema. Herman alipika ugali, nao ulikuwa mgumu. Binti yao Asteria aliula huku akimwombea mama yake afaulu haraka. Evelina alifaulu, isipokuwa somo moja la kukokotoa pensheni. Alilirudia, akalipita.

Alipoanza kazi kama afisa mafao, alianza na majina. Wachorongaji walinung'unika. "Dada, jina langu la nini? Mshahara si unaingia?" Alikagua hivyohivyo. Wafanyakazi thelathini na mmoja walikuwa na majina yanayotofautiana. Wote walirekebisha wenyewe, wakiwa hai na wakilalamika.

Karatasi za Scolastika zilikuwa zimeandaliwa tangu darasani. Mfuko uliomba barua moja zaidi, ikapelekwa. Asubuhi moja Evelina alimpigia simu, naye akaja. Mtoto sasa alikuwa anatembea.

Evelina alimwonyesha barua ya mfuko. Alimsomea taratibu, mstari kwa mstari. Mafao yamekubaliwa, yake na ya watoto, na yataingia kwenye akaunti yake.

"Wabeja sana, dada," Scolastika alishukuru kwa Kisukuma. Alichukua mkoba wake, akasimama kama alivyozoea.

"Nirudi lini?"

"Usirudi, mama. Imekwisha."

Scolastika alikaa tena kwenye kiti. Alimpakata mtoto, akacheka huku analia, na Evelina akafunga faili.