Siri ya Papa Mdomoni mwa Wakili wa Mafuta

— Lukman, uko wapi?

— Bébé, réunion imerefuka, bado tuko kikaoni. Anzeni tu, nakuja.

— Jaji hangoji réunion yako!

— Donc unataka nifukuzwe kazi?

Nilikata simu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya mahakama, hapa Brussels, viatu vinanibana, na mchumba wangu ananiimbia wimbo uleule. Kesi ikitajwa, hayupo. Ikiahirishwa, hayupo. Na harusi yetu nayo ilikuwa inaahirishwa kama kesi: leo ukumbi umejaa, kesho hana likizo, keshokutwa mama yake anaumwa mgongo.

Kesi ilikuwa ya baba yangu, mzee Iddi, ninayemwita Papa. Nyumba yake ya Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura, ilimezwa ziwa Tanganyika lilipopanda. Sasa anaishi kwenye hema. Tuliishtaki kampuni kubwa ya mafuta yenye ofisi mjini humu. Madai yetu yalikuwa haya: ilijua kwa miaka mingi kwamba mafuta yake yanaharibu hali ya hewa na kuleta mvua za balaa, ikanyamaza, ikaendelea kuuza. Mimi Shamimu, muuguzi wa hospitali moja ya Woluwe, hapa hapa Brussels, nilisimama kwa niaba ya Papa. Wakili wetu alikuwa Maître Antoinette, mama wa Lubumbashi, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Wakili wa kampuni akasimama, akakohoa kidogo, akaanza kwa Kifaransa laini kama siagi:

— Madame Jaji, mzee Iddi hakuonewa na mtu. Majirani walihama, yeye akakataa. Binti yake alimtumia gari la kumhamisha, akalirudisha tupu. Alisema, "Maji yakifika nitayafukuza kwa fagio." Je, na hilo ni kosa la mteja wangu?

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Antoinette akaniinamia.

— Shamimu, ile maneno ya fagio ametoa wapi? Haiko ku dossier yetu ya kesi.

— Papa aliniambia mimi, kwenye simu.

— Na weye ulimuambia nani?

— Mtu mmoja tu.

Hakuniuliza jina. Alinitazama, akafyonza.

Tulipotoka nilipanda metro, nikashuka, nikatembea hadi kituo cha treni cha Gare du Nord kwa hasira, mpaka chini ya jengo la vioo anakofanya kazi Lukman. "Communication," kazi ya mawasiliano, ndivyo alivyokuwa akiniambia. Mimi nikaridhika, kwani nani anamchunguza mchumba wake?

Nikamwandikia: "Shuka. Sasa hivi."

Akajibu: "Bado niko réunion ❤️"

Nikaandika: "Nitapanda mwenyewe."

Akashuka mbio, kadi ya ofisi inaning'inia shingoni.

— Ofisi yenu inamfanyia nani kazi?

— Tuna wateja wengi, bébé...

— Lukman!

— Bon. Na ile kampuni pia. Lakini mimi si wakili! Naandika matangazo tu.

— Tangu lini?

— Tangu mwaka jana.

— Mwaka jana! Na maneno ya Papa?

Akatazama viatu vyake.

— Chef, bosi wangu, aliuliza kwenye réunion kama kuna mtu anaijua Gatumba. Nikatoa mfano tu. Sikujua watayapeleka mahakamani.

— Ulidhani wanataka kuyapikia?

— Shamimu, kazi ni kazi. Hata wewe unapanda gari la essence, la petroli. Kila mtu ana sehemu yake.

Nilishtuka. Maneno hayo nilikuwa nayaona kila siku kwenye bango la kampuni ile, pale station ya metro: *Kila mmoja wetu ana sehemu yake.*

— Lile bango uliliandika wewe?

Akaanza kuichezea kadi ya shingoni.

— Nakuuliza, ni wewe?

— Timu yetu... ndiyo.

Nilicheka. Nilikuwa nimechoka mpaka kulia nimeshindwa.

— Sikiliza, akasema huku akinishika mkono. Naacha kazi leo. Tufunge ndoa mwezi huu huu. Nampigia shehe sasa.

— Leo ndiyo shehe kapatikana?

— Nakupenda, Shamimu.

— Kampuni inasema haikujua, na bado tunabishana nayo. Wewe ulijua. Ulikuwa unakula mezani kwangu, unaniuliza kesi inaendeleaje, na unajua.

Nikavua pete, nikaitumbukiza mfukoni mwa koti lake. Watu wa ofisi walikuwa wanatuangalia kupitia vioo. Waangalie.

Jioni nilimpigia Papa.

— Papa, wamesema mahakamani kwamba ulikataa kuhama.

— Kwani uongo?

— Papa!

— Nani kawaambia?

— Lukman.

Nilisikia mvua inapiga hema.

— Huyo aliyekuwa ananiita "beau-père", baba mkwe, kabla ya kuleta hata posa?

— Huyo huyo.

— Bon. Mwambie Maître wako nitaongea mwenyewe. Nimechoka kusemewa.

Antoinette alipigana mpaka jaji akakubali kumsikiliza Papa kwa video. Siku hiyo sura yake ilijaa kwenye skrini, kofia kichwani, mkalimani yuko tayari.

— Mzee Iddi, ni kweli ulikataa kuhama?

— Kweli kabisa, mama jaji. Nilikimbia vita, nikaishi kambini Tanzania. Niliporudi nilijenga kwa mikono hii, nikaapa sikimbii tena. Bunduki nazijua, zinakimbiwa. Sikujua kama na ziwa linakimbiwa. Tangu babu yangu lilikuwa kule, sisi huku. Nyumba yangu haikulifuata ziwa. Ziwa ndilo lililokuja. Sasa wewe uliyesoma, muulize huyo bwana wa mafuta nani alilituma.

Safari hii hakucheka mtu. Wakili wa kampuni alipanga karatasi zake, akazipanga tena.

Wiki kadhaa baadaye jaji akatamka: ombi la kampuni la kuitupilia mbali kesi limekataliwa. Itasikilizwa yote, na kampuni ieleze ilichojua. Haikuwa ushindi bado. Ilikuwa mlango tu, lakini umefunguka. Antoinette alinikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Nje, kwenye ngazi, Lukman alikuwa ananingoja na maua.

— Nimeacha kazi kweli. Nimemwambia Maître Antoinette nitatoa ushahidi juu ya ile réunion chef alipouliza kuhusu Gatumba.

— Umefanya vizuri. Toa.

— Na sisi je?

Nilimtazama. Moyo uliuma, sitasema uongo. Mwanamume huyu nilimpenda.

— Ushahidi wako nitaupokea, Lukman. Wewe hapana.

— Shamimu, tafadhali...

— Shamimu! Antoinette akapaza sauti kutoka mlangoni. Bajournalistes banakungojea na bakamera, kuja!

Nikamwacha pale na maua yake, nikapanda ngazi.