Mume Wangu Aliandika Kwamba Mimi ni Dada Yake

Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha nne, nina mtoto wa kike wa miezi saba na ninaishi Mtendeni, hapa Tabora mjini. Siku uvumilivu uliponiisha nilikuwa nimembeba mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili nimeshika fomu ya safari ya mume wangu, Haruna.

Fomu yenyewe ya Kiingereza. Lakini mimi shule sikwenda kuuza sura, niliisoma yote! Palipoulizwa kama ameoa, alijibu hajaoa. Watoto? Hana. Ndugu wa karibu... hapo akaandika jina langu, Mwajuma, na mbele yake akaandika: dada yake wa kuzaliwa.

Dada yake! Mimi niliyemzalia!

Nilimlaza mtoto kwenye mkeka, nikatoka nje. Fimbo zake za golfu zilikuwa zimeegemea ukuta. Nikazipiga kwenye ngazi ya saruji, moja baada ya nyingine, mpaka zikapinda kama misumari mibovu. Majirani walijaa mlangoni. Sikuona haya hata chembe!

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Najua mtacheka, golfu Tabora? Upo uwanja wa zamani nje kidogo ya mji. Ng'ombe wanakatiza humo, na kuzunguka mashimo hakuna majani laini kama mnayoyaona kwenye televisheni, ni mchanga uliomwagiwa oili chafu ya magari. Kabla ya kuusukumia mpira shimoni, lazima mtu aburute gunia kwanza kuusawazisha mchanga. Hapo ndipo Haruna alipojifunzia, na ndiye bingwa wao. Bingwa wa ridhaa, yaani unashinda, unapewa kikombe na makofi, unarudi nyumbani kula ugali wako.

Mimba ilipofika miezi minane nilikwenda Usoke kwa mama, maana kwetu uzazi wa kwanza unajifungulia kwenu. Nikakaa huko mpaka arobaini ikatimia. Nyuma yangu akaja Kelsi.

Kelsi ni Mwaustralia, ana miaka ishirini na mmoja. Baba yake ni fundi mkubwa kwenye ujenzi wa reli, naye alikuja kumtembelea akakaa miezi. Huko kwao ni mchezaji wa ridhaa mwenye jina, na alikuwa anajiandaa kuvuka aingie golfu ya kulipwa. Akatafuta uwanja wa mazoezi, akaupata. Akatafuta na kedi, mtu wa kumbebea mfuko wa fimbo na kumshauri. Akampata mume wangu.

Niliporudi tukafanya shughuli ndogo ya mtoto. Jirani yetu Mama Zaituni ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pwani. Akasimama katikati ya wanawake na sahani yake ya pilau.

“Nyie Wanyamwezi kubeba mizigo hamtaacha! Babu zenu walibeba pembe, leo Haruna anambebea mzungu mfuko. Mwajuma, mke mwenzio huyo, mwandalie kitanda!”

Wanawake walivunjika mbavu kwa kicheko. Na mimi nikacheka! Nikamjibu, “Nyie mtabeba nini, na uvivu wenu wa kukuna nazi mmekaa?” Wakazidi kucheka.

Wenzangu, mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukania hata msiba wako, unacheka. Kumbe siku ile yule mama alikuwa ananipa habari! Aliwaona, akakosa njia nyingine ya kuniambia mbele ya mama mkwe. Mimi nikaichukua kama utani, nikaenda nayo miezi mitatu nikicheka peke yangu jikoni... Baadaye nilipomlaumu alisema, “Mimi nilikwambia, mwanangu. Wewe ukanijibu mambo ya nazi.”

Haruna akawa anatoka alfajiri, anarudi ngozi inanuka oili na mafuta ya kuzuia jua. Mafuta ya nani? Siku moja nikajifunga mtoto mgongoni nikaenda uwanjani kuangalia.

Niliona nini? Sikuona busu. Afadhali ningeliona! Niliona Kelsi amechuchumaa mbele ya mpira na Haruna amechuchumaa nyuma yake, vichwa vimekaribiana, wanausoma mchanga. Haruna akaonyesha kwa kidole kimoja tu, Kelsi akapiga, mpira ukaingia. Wakatazamana. Kelsi alipovua glavu, Haruna alikishika kiganja chake akaangalia lengelenge.

Mimi nilishonwa nyuzi nne Usoke. Hajawahi kuuliza zimepona lini!

Na ngoja niseme ukweli ambao sijamwambia mtu. Wivu wangu haukuwa wa mume peke yake. Nikiwa kidato cha tatu nilichaguliwa timu ya netiboli ya mkoa, mfungaji. Baba akasema msichana hazururi na kaptula, ikaishia hapo. Sasa nasimama juani na mtoto mgongoni, namtazama msichana ninayemzidi miaka mitatu, baba yake anampigia makofi, mume wangu anambebea mfuko, kila mtu anauliza, “Kelsi unavuka lini?” Mimi je, ni nani aliyewahi kuniuliza?

Haruna akaniambia Kelsi anakwenda kwao kwenye mashindano ya mchujo na anamtaka awe kedi wake, miezi mitatu. Niliumia, lakini nikakubali. Nilikubali! Nikamfulia hadi shati la kupigia picha.

Kisha asubuhi moja Kelsi akaja nyumbani mwenyewe na ile fomu. Haruna hayupo.

“Shikamoo, dada,” akaniamkia kwa Kiswahili chake cha kitabuni. “Mpe kaka yako. Amesahau kusaini hapa.”

Nikamuuliza, kaka yangu nani?

“Haruna.” Akamtazama mtoto, akatabasamu. “Baba wa mtoto bado yuko Dodoma?”

Kumbe mwanangu alikuwa ameshatafutiwa baba mwingine, Dodoma! Nikaivuta ile fomu nikaisoma. Yaliyofuata nimeshawaambia.

Kelsi alipoelewa alilia pale pale mlangoni, akasema hakuambiwa. Namwamini, ingawa sitaki kumwamini. Walilala pamoja? Haruna anaapa hapana. Sijui, na nimechoka kutaka kujua. Kelsi aliondoka bila kedi, na nasikia amevuka, sasa ni mchezaji wa kulipwa.

Haruna amehamia kwa mama yake. Anasema nimemfungia mlango wa maisha. Eti aliogopa kwamba hakuna atakayemchukua kedi mwenye mke na mtoto anayenyonya. Je, aliuliza? Hakuuliza! Alitufuta kwanza.

Dada zangu mnaosoma hapa, msinyamaze mkisubiri kuona busu. Mume anaweza kukukana kwa kalamu, mchana kweupe, huku umemfulia shati. Someni kila karatasi inayoingia ndani. Na neno likikuchoma, hata kama limesemwa kwa kicheko, uliza siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa miezi mitatu.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kata, kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Katibu akaniuliza kama nataka talaka au matunzo. Nikamwambia asome kwanza. Niliandika hivi:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUME WANGU KUIKANA NDOA NA MTOTO

Mimi Mwajuma, mkazi wa kata hii, namlalamikia mume wangu wa ndoa, Haruna, kwa kuandika kwenye fomu ya safari kwamba hajaoa, hana mtoto, na kwamba mimi ni dada yake. Nakala ya fomu na cheti cha ndoa nimeambatanisha.

Mengine tutazungumza baadaye. Kwa leo naomba baraza limwite, limpe karatasi nyeupe na kalamu, aandike mbele ya wajumbe kwa mkono ule ule kwamba ameoa, mke wake ni nani, na ana mtoto mmoja anayeitwa Shufaa. Kisha asaini.