Swichi Iliyosema Iko Maabara

Jumatatu asubuhi swichi ya mtandao, kisanduku kinachounganisha kompyuta, ilikutwa imeng'olewa ukutani mwa maabara, nyaya zikining'inia. Ajabu ni kwamba kwenye skrini ya mitambo bado ilikuwa ikijibu: "Mahali: Maabara." Mwizi gani huyu, kaiba kitu kinachoapa hakijaibwa?

Mpelelezi, mama waliyemwita Bi Miwani, alikuwa amefika kabla ya wote na kuketi ofisini kwa mkuu wa mitambo, mgongo wake ukigusa kabati. Mbele yake alisimama mlinzi, mzee wa watu, kofia mkononi. Ufunguo wa maabara alikabidhiwa Jumamosi asubuhi, na barua ya kumfukuza ilishachapwa.

"Sijaiba, mama," mzee alisema. "Kazi wachukue, ila jina langu waniachie."

Bi Miwani alimwonea huruma, lakini huruma si ushahidi.

"Ni yeye," mkuu wa mitambo alidakia. "Mimi nilitoka Ijumaa jioni. Jumapili nikatazama ripoti nikiwa nyumbani, swichi ikasema iko maabara. Twende chumba cha mikutano, mama, hapa pana joto."

Ilikuwa mara ya tatu kutaka kumhamisha.

"Joto nimelizoea. Hayo maneno ya mahali, swichi huyajuaje?"

"Tunayaandika sisi, tunapoifunga."

"Kwa hiyo hata ukiipeleka jikoni kwako, itasema iko maabara. Basi tusiandikie mate na wino ungalipo. Tuiulize imewaka tangu lini. Hilo hujihesabia yenyewe."

Alibonyeza kompyuta ya mezani. Jibu: tangu Ijumaa jioni. Vifaa vingine vyote vya jengo vilikuwa vimewaka miezi mfululizo, kwa hiyo umeme haukukatika. Mtu aliing'oa Ijumaa akaiwasha kwingine, kabla mzee hajashika zamu.

"Ulitaka ripoti iseme iliibwa katika zamu ya mzee," Bi Miwani alisema taratibu. "Leo ukaja kuizima, ukanikuta nimekalia kiti chako."

Akavuta kabati. Nyuma yake taa za kijani zilikuwa zikipepesa.

Mkuu aliinama. "Alinipekua getini mbele ya vijana wangu. Mimi, mkuu mzima! Nilitaka tu aondoke."

"Kwa mkoba kupekuliwa, ukaamua kumvua mzee heshima ya maisha yake?" Bi Miwani aliuliza kwa hasira.

Mchana, mkuu alitoka kwa mara ya mwisho. Getini mzee alikuwa amevaa kofia yake.

"Fungua mkoba, bosi," alisema kwa upole. "Hapa kila mtu hupekuliwa."

Bi Miwani, nyuma ya mkuu kwenye foleni, alikuwa ameshafungua wake.