Pini ya Tundu la Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Februari 1955, wanawake wa Mlingotini waliokwenda kuokota kombe walikuta nusu ya mtumbwi imekwama mchangani. Hatua hamsini mbele wakamkuta mwenyewe, Pazi, amekwisha kufa, kasia lingali mkononi.

Sajenti Alawi alifika kutoka Bagamoyo saa mbili na robo, kwa baiskeli, amekwisha kukasirika njiani. Alikuwa mtu asiyejua kutulia. Ukimpa kiti hukalia ncha yake, na kabla hujamaliza kumsalimu amekwisha kusimama. Aliinama juu ya mtumbwi. Ukingo wake ulikuwa umepondwa kwa juu, na kwenye mbao iliyovunjika palikuwa na rangi nyekundu.

Pwani hiyo ilikuwa na motaboti moja tu, ya Bwana Abdullatif, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Ubavu wake mweupe, chini yake nyekundu. Dereva wake ni Mbaruku. Kufikia adhuhuri Mbaruku alikuwa ndani, na simu ikaja kutoka Dar es Salaam: lori la kumchukua litafika kesho saa tatu asubuhi. Kesi ya kuua. Watu wote wakaridhika, isipokuwa Sihaba, mkewe Mbaruku, aliyekaa nje ya kituo hataki kuondoka, na Alawi, ambaye rangi ile ilikuwa ikimwasha kama upupu.

Alianza na Rajabu, mvuvi aliyegombana na Pazi juu ya mahali pa kutegea dema.

"Nilikuwa Mapinga kwa shemeji yangu tangu Jumapili," alisema Rajabu. "Kaulize. Nimerudi leo saa sita, nikaenda moja kwa moja kumchimbia kaburi. Ugomvi wa dema si ugomvi wa roho, afande."

Alawi aliuliza Mapinga. Ilikuwa kweli. Akarudi kwa Mbaruku.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala nyumbani."

"Shahidi?"

"Mke wangu. Ulitaka alale nani mwingine kwangu?"

Alawi nusura acheke. "Ile pini ya motaboti, inayozuia mashine ya nyuma isiinamie ndani, wewe huiweka tundu la ngapi?"

Mbaruku akainua kichwa. Ndiyo mara ya kwanza siku ile mtu kumwuliza jambo analolijua. "La pili. Matundu yako manne. La kwanza liko karibu na mbao ya nyuma. Ukiweka hapo, omo, pua ya chombo, inainama, chombo kinachimba maji na usukani unakuvuta mkono. Ukiweka la nne, mashine inatoka nje, omo inapanda juu. Mbio utapata, lakini chombo kinarukaruka, na ukikaa peke yako nyuma huoni kilicho mbele."

"Leo nimeikuta la nne."

"Basi si mimi."

"Au ni wewe, na unanidanganya."

"Afande, nina watoto watatu," alisema Mbaruku.

Alawi alitoka akizunguka uani. Rangi nyekundu ni ya chini. Kama omo ingekuwa mahali pake, mtumbwi ungepigwa na weupe. Chombo kilikuja pua juu, kikampanda Pazi. Mtu alikuwa akitafuta mbio.

Bwana Abdullatif alimpokea barazani kwa kahawa. "Motaboti haiguswi na mwingine. Hata mwanangu nimempiga marufuku tangu mwaka jana."

Mwanawe, Sultan, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa ndiyo kwanza anarudi mazikoni. Alilibeba jeneza la Pazi bila kupokewa, watu wakamsifu. "Mashine siijui, Bwana Sajenti," alisema. "Hata kuiwasha siwezi."

Usiku ule Alawi hakulala. Asiyejua hata kuiwasha mashine, kwa nini apigwe marufuku kuigusa?

Jumatano saa moja asubuhi alimchukua Sultan, ati akamwangalizie mali ya baba yake wakati wa ukaguzi. Wakakaa wawili nyuma, Alawi kwenye usukani, pini tundu la nne. Akatia moto. Omo ikapanda ikaziba bahari yote, chombo kikaanza kurukaruka. Njiani, kwa maagizo ya Alawi, Rajabu alikuwa ametia nanga mtumbwi mtupu. Sultan aliuona kwa pembeni pale chombo kilipopinda.

"Punguza! Kuna mtu!"

Alawi akaongeza.

Sultan alimrukia, akazima mashine. Chombo kikalegea. Akaiinua mashine kwa mkono mmoja, kwa mwingine akachomoa pini, vidole vikahesabu matundu bila macho kuangalia, akaitia la pili. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe.

"Mashine huijui," alisema Alawi.

Njia ya mwongo fupi. Sultan alilia kabla ya kusema. Palikuwa na mashindano ya motaboti Dar es Salaam siku ya Pasaka. Alitaka ashinde, baba amwone mwanamume. Kila alfajiri, Mbaruku akiwa kwake, aliichukua na kuijaribu pini, tundu hadi tundu.

"Ulipompiga ulijua ni mtu?"

"Nilidhani gogo."

"Sultan."

"Nilipogeuka nyuma nilimwona majini, ameinua kasia. Akaniita."

"Ukafanyaje?"

"Nilimwogopa baba. Nikaongeza moto."

Walipofika pwani lori lilikuwa limekwisha kuja, na Mbaruku yumo. Bwana Abdullatif aliambiwa, akakaa chini mchangani na kanzu yake nyeupe. Mbaruku akafunguliwa, Sihaba akamshika mkono mbele za watu, aibu akaiweka kando.

Sultan akapiga magoti. "Nisamehe, Mbaruku."

"Mimi umenikosesha usingizi wa usiku mmoja," alisema Mbaruku. "Radhi yako iko Mlingotini, kwa Mwanamvua, mjane wa Pazi."

"Sajenti, nipitishe kwake kwanza. Nakuomba."

Alawi alitazama saa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu jana, akasimama ametulia.

"Mwanamvua yumo edani," alisema. "Miezi minne na siku kumi haonani na mwanamume wa nje. Panda lori."