Nani Alikuuliza Bei?

Kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja la Moi Avenue kuna kijiduka cha kuachia na kuchukulia mizigo, na Jumamosi mchana huwezi kupita humo bila kukanyaga mtu. Kila anayeuza kitu kwenye mtandao hapa Nairobi anakijua. Unaacha mfuko wako, mteja anakuja na namba yake ya simu, anapewa, anaenda zake. Wigi, viatu, blenda, maziwa ya watoto. Harufu ya jasho na marashi ya kupima imeshikana na mafuta ya chipsi kutoka chini, na feni ya ukutani haijazunguka tangu inunuliwe.

Humo ndimo Selpher alimomwona kwa macho yake mtu ambaye yeye Selpher alikuwa amemchukia kwa muda mrefu.

Alijua sauti kabla ya uso. Ilikuwa ni ile ile ya maandishi, kavu, yenye uhakika ambao hakuna aliyeuomba.

"Hii taa ya karabai nilisema kioo si chake," mwanamume alikuwa akimwambia msichana wa kaunta, ambaye hakujali. "Kioo kimewekwa juzi. Lakini nimelipa tu, nifanye nini."

Alivaa shati la samawati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama, na shingoni alining'iniza kitambulisho cha kazi, kile ambacho watu wa ofisi za Upper Hill husahau kuvua hata wakienda harusini. Selpher, mwenye gauni la kitenge cha manjano na raba nyeupe zilizochoka, aliweka redio aliyokuja kuacha juu ya kaunta kwa kishindo.

"Wewe ndiye Nthiwa wa komenti?"

Mwanamume akageuka. Akamtazama, akaitazama karabai, akamtazama tena.

"Na wewe ndiye Selpher wa Vitu vya Kale."

"Ni mimi. Ile pasi ya makaa uliandika ni takataka ya mia tano, iliuzwa siku hiyo hiyo."

"Kwa ngapi?"

"Ona! Ona huyu! Nani alikuuliza bei?"

Watu wakacheka. Nthiwa naye akacheka, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu alicheka vizuri.

Ni lazima ieleweke alichokuwa akifanya Nthiwa. Wauzaji wa mji huu hawaandiki bei. Wanaandika "bei inboksi", ili wakupime kwanza: jina lako, picha yako, mtaa wako, ndipo wakutajie. Selpher alifanya vivyo hivyo na redio zake za mbao, na taipureta zake, na vigoda vilivyoletwa kwa basi kutoka magharibi. Na chini ya kila picha, mbele ya watu wote, Nthiwa aliandika bei. "Hii ni elfu mbili, msidanganywe." Au mbaya zaidi: "Dada, hapa unajipunja, ongeza." Kazi yake ilikuwa kukadiria magari yaliyogongwa kwa niaba ya kampuni ya bima. Kutwa nzima alizunguka vyuma vilivyokunjamana akisema vina thamani gani, na jioni hakuweza kuzima hiyo mashine kichwani.

Siku hiyo Nthiwa alimnunulia Selpher chai. Akamwambia kikombe kile kinauzwa Gikomba kwa shilingi ishirini. Selpher akamwambia akinyamaza dakika moja atampa namba yake ya simu. Alinyamaza. Alikuwa amekunja ngumi chini ya meza kwa ile jitihada, lakini alinyamaza.

Basi zikaanza simu.

"Karabai yangu, umekula?"

"Usiniite karabai. Ulisema kioo chake si chake."

"Chako ni chako kabisa. Nimekagua."

"Bwana Bei, uko na ujinga mwingi sana."

Wakawa wanakutana Adams Arcade Nthiwa akitoka kazini, wanakula mahindi ya kuchoma wakishuka kuelekea Jamhuri, ambako Selpher aliishi na baba yake na kaka yake Isaiah. Nthiwa alikadiria kila kitu njiani: saa ya mhudumu, viatu vya pasta, lango la jirani. Selpher alimpiga kofi la bega na kucheka. Ukipenda mtu, kile kilichokukera huwa ndicho unachowasimulia marafiki zako ukitabasamu. Baadaye unajiuliza ulikuwa na akili gani.

Siku Selpher alipompeleka nyumbani, baba yake, Mzee Obuya, alimkaribisha kwa uji na ukimya. Ukutani, chini ya kalenda ya kanisa, palining'inia kikopo cha bati cha bapa, kimepauka, kimefungwa kwa kamba iliyokuwa nyeusi kwa jasho la shingo ya mtu.

"Unajua hiyo ni nini?" mzee aliuliza.

"Kipande cha enzi za mkoloni, mzee. Nimewahi kuona picha."

"Picha." Mzee alitikisa kichwa. "Hiyo ilikuwa shingoni kwa baba yangu, Ogutu. Karatasi yake ndani, alama za vidole vyake, na maneno ya mzungu wake kama alikuwa mvivu au hakuwa mvivu. Alilala nayo. Alienda choo nayo. Akipatikana bila hiyo, ni jela. Alipokuja kuivua, bado alikuwa anashika hapa," akagusa kifua, "kama imepotea. Mpaka anakufa alikuwa anashika hapa."

Kisha mzee akakitazama kitambulisho cha Nthiwa.

"Yako angalau wamekupiga picha ukicheka."

Nthiwa alicheka kwa adabu. Lakini jicho lake lilirudi kwenye bati, likapima kutu, likapima kamba, na Selpher aliliona likipima. Hakusema kitu. Hilo lilikuwa kosa lake.

Kosa lake la pili alilifanya siku ya kumkumbuka babu. Alikipiga picha kile kipande na kukiweka kwenye ukurasa wake wa biashara, kwa kuwa ndiko walikokuwa watu. Aliandika: "Babu Ogutu alifungwa hii shingoni kama mbwa. Tusisahau." Hakuandika bei, wala inboksi. Lakini wateja wamefundishwa kitu kimoja tu, na mmoja baada ya mwingine wakaandika: "Bei?"

Nthiwa alikuwa kwenye kantini kule Upper Hill, chapati mkono mmoja, simu mkono mwingine. Hakusoma yale maneno juu ya picha. Alisoma "Bei?" mara saba, na kidole kikajiendea chenyewe.

"Hii ni kipande halisi. Isiende chini ya laki moja. Zimebaki chache na wazungu wanazitafuta."

Akaongeza alama ya moto. Ya moto! Chini ya shingo ya mtu!

Isaiah aliisoma akiwa kitandani nyumbani kwa baba yake. Alikuwa na madeni ya kubeti, na alikuwa amepita chini ya ile kalenda maisha yake yote bila kujua kwamba anapita chini ya laki moja. Kesho yake jioni Mzee Obuya aliinua macho kutoka kwenye uji akaona msumari mtupu.

Simu ya Selpher ilikuwa fupi.

"Nani alikuuliza bei, Nthiwa?"

"Selpher, nilikuwa nataka waone thamani yake..."

"Thamani! Babu yangu ni gari imegongwa? Ulizunguka ukaangalia taa ziko ngapi zimebaki?"

"Si mimi nimechukua. Ni kaka yako."

"Kaka yangu alijua njia ya kuuza. Hakuwa na bei. Wewe ndiye ulimpatia."

Hapo angeomba msamaha. Badala yake alijitetea, kama wanavyojitetea watu waliozoea kuwa sahihi, na akasema jambo ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa kweli.

"Na hivyo vigoda unauza kila siku? Wenyewe hawakuwa na wajukuu?"

Simu ikakatika.

Selpher alikaa chumbani kati ya bidhaa zake. Alikivuta kigoda kimoja cha miguu mitatu. Kiti chake kilikuwa kimezama katikati, kimelainika na kung'aa, kwa sababu mzee wa watu alikikalia miaka hadi mbao ikashika umbo lake. Alikumbuka jinsi alivyokitangaza: "Kina historia, kinapendeza kuwekea maua." Alitoka nje akasimama karibu na bomba, akatema mate, akarudi ndani, akaanza kuwapigia simu waliomletea. "Hiki, mwenyewe alijua kimeuzwa?" Wengine walikata. Mmoja alilia.

Nthiwa alikiona kipande kwenye simu yake wiki iliyofuata. Duka moja la mapambo la Kilimani, nyumba ya zamani yenye bustani, lilikuwa limekitundika shingoni kwa msichana wa matangazo aliyekuwa ameuma kamba kwa meno, midomo imepakwa rangi nyekundu. "Mkufu wa enzi za ukoloni. Wa kipekee! Bei inboksi."

Hakumaliza chapati. Kamba ile. Aliukumbuka weusi wake, na jasho lililoitia weusi, na sasa mtu ameitia mdomoni.

Duka lilinukia mishumaa ya vanila. Mwenyewe aliitwa Becky, mwanamke mwenye miwani mikubwa na ukarimu wa mtu aliyezoea wenye pesa. Mbele ya kioo mteja alikuwa amekivaa kipande akijipiga picha, shavu huku, shavu kule.

"Beib, imekukalia fiti!" Becky alikuwa akisema. "Vaa na ile gauni ya lineni, utawaua."

"Na humu ndani wanaweka nini? Lipstiki?"

Nthiwa alihisi kitambulisho chake kikimchoma kifuani. Alikivua, akakitia mfukoni.

"Nataka hiyo," alisema.

"Huyu dada bado anaamua, lakini..." Becky alimpima: jina hakulijua, mtaa hakuujua, ila aliiona pasi ya shati. Akataja bei. Kisha akasubiri, kwa maana kila mtu hubishana bei.

Na Nthiwa alijua. Alijua kwamba Isaiah alipewa hela ya kubeti wikendi moja. Alijua kutu ile, kamba ile, soko lile. Hoja zote zilipanga foleni nyuma ya meno yake, moja baada ya nyingine, safi kabisa. Hakutoa hata moja. Alitoa simu akalipa.

"Haubargain?" Becky alishangaa, karibu akasirike. "Nikufungie na utepe? Ni zawadi?"

"Usiifunge na kitu."

Alitembea kutoka Kilimani hadi Jamhuri amekishika mkononi. Hakuthubutu kukitia mfukoni, wala shingoni. Langoni akapiga simu.

"Niko hapa nje. Sijakuja kuongea."

"Hilo nitaliamini nikiliona," Selpher akasema, lakini akatoka.

Mzee Obuya alikipokea kwa mikono miwili. Alikinusa. "Inanuka keki," alisema kwa karaha, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe, muda mrefu, kisha akakirudisha kwenye msumari. Hakumshukuru Nthiwa. Alimwongezea uji.

Nje, karibu na bomba, Selpher alikuwa amevaa leso ya zamani, macho yake yamekosa usingizi.

"Ulilipa ngapi?"

"Sisemi."

"Nthiwa! Wewe!"

"Sisemi, Selpher. Hata ukinichoma."

Alimtazama. Selpher hakumsamehe papo hapo. Kuna vitu havifutiki kwa shati. Lakini alikumbuka kwamba Nthiwa hakuwa ameandika komenti hata moja siku zote hizo.

"Watu wanauliza kwenye komenti kama umekufa."

"Na vigoda vyako sivioni tena."

"Viwili vimerudi kwao. Vingine bado natafuta wenyewe." Akapiga chini kwa kidole cha mguu. "Ulisema ukweli. Lakini uliusema vibaya, na ulijificha nyuma yake."

"Najua. Nisamehe. Nataka kuleta wazee wangu kwa baba yako."

Huko ndani mzee alikohoa, na kikopo kikagonga ukuta taratibu kwa upepo.

"Siku ya mahari bwana harusi haongei. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Wajomba zangu watataja ng'ombe. Watataja blanketi, koti la huyu, sufuria za yule. Watazidisha makusudi, wakikuangalia usoni."

Nthiwa alifungua mdomo.

Selpher akainua kidole kimoja.

Nthiwa akaufunga.

"Sawa," Selpher akasema. "Walete."