Diski Iliyotoka Chini ya Senene

Msiniulize nani kaniambia. Hakuna aliyeniambia, nilikuwepo. Ile taa kubwa ya kupigia video za harusi niliishika mimi, na katika mkoa huu mzima hakuna mshika taa ambaye maharusi wake wametoka wanang'aa kama wangu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini jicho halihitaji cheti. Atakayesema Burhani aliota, mleteni kwangu.

Burhani ni mpiga video wa mtaa wa Bakoba, huku mjini. Mkono wake una ugonjwa mmoja: unapima kila kitu kwa uzito. Mama yake aliuza ndizi sokoni na kumlea akijua kwamba mkungu mzuri ni ule unaovuta bega. Basi hata diski za kuhifadhia video, zile za kuchomeka kwa waya, alizichagua hivyo hivyo. Anainyanyua, anaipimapima kiganjani. Ikiwa nyepesi anairudisha.

Faruku, fundi wa kompyuta aliyepakana naye, alishamchoka.

"Diski si mkungu, wewe. Nunua dukani, kwenye kasha lenye muhuri, kwa mtu utakayemkuta kesho. Ukishahamisha kazi, fungua faili la mwisho ulione linacheza. Halafu weka nakala nyumba nyingine. Kwa shemeji, kwa adui, popote."

"Nitaiweka kwa mama yako."

"Weka. Atakutunzia kuliko wewe."

Tukacheka.

Jioni ninayoisimulia tulikuwa tumetoka Muleba, Kamachumu, kwenye mazishi ya binti aliyeitwa Kokuhirwa. Homa ya siku chache tu. Mama yake, Klaudia, hakumzika. Alikuwa amelazwa huku mjini, mguu umefungwa vyuma, na ukoo ukasema maiti hawezi kungoja. Asubuhi kabla hatujaondoka, Burhani alipita wodini kumpa pole. Mama yule akamshika kiganja.

"Sitaki nyimbo, mwanangu. Sitaki hotuba. Niletee uso wake kabla hawajafunika. Nisipomwona nitakuwa namsubiri mpaka nife."

Burhani aliuchukua uso ule. Niliona. Shangazi za binti walikuwa wamemfunika lubugo, ile nguo ya gome la mti ya wazee wetu, wakaifunua kidogo, na Burhani akasogea na kamera huku machozi yanamdondokea kwenye ndevu. Taa yangu haikutikisika. Binti alikuwa kama amelala mchana.

Tatizo lilikuwa kesho yake. Kulikuwa na harusi Kibeta, na kadi za kamera zilikuwa zimejaa msiba. Diski yake ya zamani ilikuwa imeanza kugonga kwa ndani. Tk... tk... tk... Mtu wa video akisikia mlio huo, hana tofauti na mtu aliyesikia bundi juu ya paa. Ilikuwa lazima apate nyingine kabla giza halijaingia.

Kwa Faruku kumefungwa, mwenyewe kaenda kuswali magharibi. Mvua ndiyo kwanza imekatika. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wameshuka, wanazizunguka taa za barabarani kama vumbi la kijani. Na kwenye baraza ya duka la Faruku amekaa mwanamke na kikapu, ananyonyoa mbawa.

Hakutuangalia.

"Unatafuta diski," akasema. Hakuuliza. Alisema.

Akatumbukiza mkono chini ya senene, wakachakarika... akaitoa. Nyeusi, haina kasha, haina maandishi. Burhani akaipokea, na nikauona ule ugonjwa ukimpanda mkononi. Ilikuwa nzito. Nzito kuliko zote alizowahi kushika.

Nikipakumbuka hapo natamani kulia. Mtoto wa Kagera asiyejua kwamba gunia zito la kahawa ndilo lililotiwa mawe? Anajua. Lakini diski si kahawa, ndivyo alivyojidanganya.

"Unaweka nini humo?" mwanamke akanong'ona.

"Msiba."

"Wa nani?"

Jina la maiti hulitaji mbele ya usiyemjua, magharibi, kaburi bado bichi. Burhani alikuwa amechoka. Akataja.

"Kokuhirwa. Wa Kamachumu."

Mwanamke akatikisa kikapu taratibu, kama mtu anayepangia mzigo nafasi.

"Ataenea."

Burhani akapeleka mkono mfukoni.

"Acha," akasema yule mwanamke. "Umeshanipa."

Tulipofika kwenye kona niligeuka. Baraza ilikuwa tupu. Zilibaki mbawa tu, na hazikuwa zimelowa.

Burhani alihamisha kazi yote. Majina ya mafaili yakajipanga moja chini ya jingine, kamili. Diski nyingine hupata joto zikifanya kazi, hii ilibaki baridi kama jiwe la mtoni. "Unaona?" akaniambia. "Haichoki." Chumba kikaanza kunuka udongo, udongo uliofukuliwa sasa hivi. Tukasema ni mvua.

Akayaona majina, akatosheka. Hakufungua hata faili moja.

Akafuta kadi.

Mama Klaudia alitolewa hospitali majuma kadhaa baadaye, akapiga simu. "Niko nyumbani, mwanangu. Nimekaa tayari." Burhani akachomeka diski ili autayarishe uso ule. Akafungua faili la kwanza. Giza. La pili, giza. Nyimbo, giza. Kaburi, giza. Majina yote yalikuwepo, na ndani yake hamna mtu, kama nyumba ambazo wenyewe wamehama.

Faili moja tu lilicheza. La mwisho.

Halikuwa na sauti. Migomba jioni, ukungu umekaa chini. Binti anaonekana kwa nyuma, analima. Amejifunga lubugo kiunoni. Jembe linapanda... linashuka... linapanda... Halafu picha inakatika.

"Hii nilipiga lini?" Burhani akaniuliza.

Hakuipiga. Siku ile hakuna aliyelima Kamachumu. Penye maiti jembe halishikwi, hilo hata mtoto anajua.

Tukampelekea Faruku. Hakumcheka mwenzake, na hilo lilinitisha kuliko picha. Akaibandua diski kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na sahani ya kuzunguka wala kitu cha maana. Kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ya kwenye simu, iliyogandishwa kwa gundi, na pembeni, kifurushi.

"Utapeli wa siku zote," Faruku akasema. "Inakwambia ni kubwa, kumbe ni kijiko. Ukiijaza inafuta ya chini ili iandike ya juu, majina inakuachia. Na matapeli hawa huweka vipande vya chuma ili iwe nzito, wawapate watu kama wewe. Hiyo picha ni ya mwenyewe wa zamani."

"Hicho ni chuma?" nikauliza.

Faruku akakigusa kwa ncha ya bisibisi. Kilikuwa kipande cha lubugo, kimefungwa fundo. Fundo lilikuwa limelegea, na udongo mwekundu, bado una unyevu, ukamwagika mezani.

Aliufuta udongo, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akanawa mikono mpaka viwiko. Alijaribu kulinakili faili lile kwenye diski zake mbili nzuri, zile za kasha na muhuri. Nakala zote zikatoka giza.

"Mpelekee Mama Klaudia mwenyewe," akasema. "Ukamwambie kweli."

Tulifika Kamachumu jua linazama. Kaburi liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba, maua ya plastiki yameshapauka. Mama Klaudia amekaa sebuleni na magongo yake, amevaa gauni la kanisani. Amevaa kwa ajili ya kumpokea mtoto.

Burhani akapiga magoti.

"Mama, uso nimeupoteza. Nilichukua kitu kibovu kwa mtu nisiyemjua, na sikukikagua. Kosa ni langu."

Nje kuku walikuwa wanapanda kulala.

"Hakuna kilichobaki?"

"Kimoja. Lakini si cha msiba. Sijui ni cha nini."

"Washa."

Burhani akawasha laptopu. Migomba. Ukungu. Jembe likapanda, likashuka. Mama akasogeza kiti, magongo yakaanguka, hakuyaokota.

"Ameshika kwa kushoto," akanong'ona.

Tukaangalia. Kweli, jembe liko kwa kushoto.

"Alivunjika mkono wa kulia akiwa mdogo. Waitu, jamani... ni yeye."

Harufu ya udongo ikajaa sebule. Na binti katika kioo akasimamisha jembe, kama aliyesikia sauti inayomwita kutoka mbali. Akageuka. Uso wake wote, mtulivu, ukamwangalia mama yake.

"Amekonda," Mama Klaudia akasema.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kioo, pale penye shavu.

"Anamlimia nani, Burhani? Migomba ile si ya kwetu. Jioni yote hii, nani anampa chakula?"

Tuliiacha ile diski na laptopu ya Burhani juu ya meza yake, kwa sababu alizishika akakataa kuziachia.

Siku hizi Burhani ananunua diski dukani, kwenye kasha, anafungua kila faili mpaka la mwisho, na nakala ya pili anaiweka kwa mama yake Faruku. Na akiona mwanamke ana kikapu cha senene anavuka barabara.

Niliyowasimulia yote niliyaona. Isipokuwa moja, hilo nililitia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na sikuweza kuliacha jinsi lilivyokuwa.

Kokuhirwa hakugeuka.

Alisimamisha jembe, kweli. Shingo ikaanza tu kujipinda, picha ikakatika. Lile neno la kukonda mama aliusemea mgongo, na kiganja akakiweka hapo hapo. Uso hajauona mpaka leo. Kila jioni anaketi, anaiwasha, anasubiri.

Juzi nilipita kumjulia hali. Akaninong'oneza kwamba shingo sasa inazidi kugeuka kidogo kuliko ilivyokuwa jana yake.

Nikaangalia naye.

Inazidi.